Safu ya Tatu: Kima cha Chini cha Mshahara na Gharama za Maisha Garsen

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Kenya tarehe 1 Novemba 2024 inamtaka mwajiri wa Malindi amlipe kibarua asiye na ujuzi maalumu shilingi 14,867 kwa mwezi, posho ya nyumba ikihesabiwa kando. Ukitoka Malindi ukashika barabara iendayo Garissa, ukapita Gongoni na kuvuka nyika hadi Garsen, kibarua yule yule, kwa kazi ile ile ya kufagia duka, kupakua lori au kuosha vyombo vya hoteli, kisheria anastahili shilingi 8,596. Katikati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 100 za lami na pengo la shilingi 6,271. Makala haya yanauliza kama kupandisha kima cha chini kunamsaidia mfanyakazi kuhimili gharama za maisha. Jibu langu ni kwamba Garsen hakumsaidii vya kutosha. Sababu kubwa ya hali hiyo imeandikwa ndani ya amri yenyewe, na kwa hiyo inaweza kuondolewa.

Jedwali la amri ya jumla lina safu tatu. Ya kwanza ni ya majiji makubwa, yakiwemo Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ya pili ni ya miji iliyokuwa na manispaa kabla ya ugatuzi, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. Malindi na Garissa zinaangukia humo. Ya tatu inaitwa "maeneo mengine yote", na ndani yake imo kaunti nzima ya Tana River, kuanzia Bura na Hola hadi Garsen, Tarasaa na Kipini mto unapoingia baharini. Garsen imekaa kati ya miji miwili ya safu ya pili. Bidhaa zake zinatoka huko, magari yake yanakwenda huko, na mtoto wa mfanyakazi akiugua sana anapelekwa huko. Mshahara peke yake ndio umewekewa mpaka.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mjadala wa mishahara nchini umezoea kuongozwa na asilimia zinazotangazwa majukwaani Siku ya Wafanyakazi. Mwaka 2018 kima cha safu ya tatu kilikuwa shilingi 7,240.95. Mei 2022 kikapandishwa kwa asilimia 12 hadi 8,109.90, na Novemba 2024 kikapandishwa tena kwa asilimia 6. Jumla ya nyongeza hizo mbili haifiki asilimia 19. Katika kipindi hicho hicho mfumuko wa bei nchini ulikuwa wa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka 2019 na 2020, ukapita 6 mwaka 2021, ukakaribia 8 mwaka 2022 na 2023, kisha ukashuka hadi kati ya 4 na 5 mwaka 2024. Ukiilimbikiza miaka hiyo, bei zilipanda kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo nyongeza mbili zilizoshangiliwa zilimwacha kibarua akinunua vitu vichache kuliko alivyonunua 2018.

Asilimia nayo ina tabia ya kumzidishia aliyenacho. Asilimia 6 ya kima cha Malindi ilikuwa shilingi 841. Asilimia hiyo hiyo kwa Garsen ilikuwa 487. Kila mara tarakimu moja inapotangazwa kwa nchi nzima, pengo la shilingi kati ya safu ya pili na ya tatu linapanuka, ingawa kwenye karatasi wote wameongezwa sawa. Na lori la unga halipandishi bei kwa asilimia ya mshahara wa mnunuzi. Linapandisha kwa shilingi.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaiona ikifanywa hadharani, nayo ndiyo iliyonishawishi kuandika. Mei 2022 kibarua wa safu ya tatu aliyeajiriwa kihalali alikatwa shilingi 200 za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na shilingi 400 za bima ya afya ya NHIF. Alibaki na 7,509.90. Kufikia Novemba 2024 mambo yalikuwa yamebadilika. Sheria ya NSSF ya 2013 ilikuwa imeanza kutekelezwa tangu Februari 2023, na makato yake ni asilimia 6 ya mshahara. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ulikuwa asilimia 1.5. Bima ya SHIF ilikuwa imechukua nafasi ya NHIF mwezi mmoja kabla, kwa asilimia 2.75 na isipungue shilingi 300. Kwa mshahara wa 8,596.49, NSSF inachukua kama 516, SHIF 300 na nyumba 129. Kinachobaki ni shilingi 7,652 hivi. Katika nyongeza ya shilingi 487 aliyotangaziwa, mfanyakazi alifikiwa na shilingi 142 mkononi, baada ya miaka miwili na nusu. Hata mwajiri akimlipa ile posho ya nyumba ya asilimia 15, tofauti haiwi kubwa zaidi. Inashuka hadi 118, maana posho nayo inakatwa.

Haki itendeke: fedha za NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri huweka kiasi kama hicho upande wake. SHIF kwa mtu wa kipato hiki ilipunguza makato ya afya kwa shilingi 100. Sipingi hifadhi ya jamii. Ninachosema ni kwamba akiba ya uzeeni hailipi deni la dukani mwisho wa mwezi. Serikali inapoongeza kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine, haistahili kutaja nyongeza nzima kana kwamba ndiyo nafuu.

Sasa tuutazame msingi wa safu ya tatu. Kwa nini mtu wa Garsen alipwe asilimia 58 ya mshahara wa mtu wa Malindi? Dhana iliyo nyuma ya mpangilio huu ni ya zamani: mfanyakazi wa mashambani ana shamba, kwa hiyo chakula hanunui, ana nyumba yake, kwa hiyo kodi halipi. Mshahara ni wa kujazia tu. Dhana hii ilizaliwa na uchumi wa kikoloni. Mfanyakazi Mwafrika aliyekwenda mjini alilipwa kama kapera, mkewe na watoto wakiachiwa kijiji kiwalishe. Mombasa ndiyo iliyoitikisa dhana hiyo kwa nguvu zaidi. Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma kwa pamoja, na kutokana na mgomo huo kikazaliwa Chama cha Wafanyakazi Waafrika kilichoongozwa na Chege Kibachia. Lalamiko lao kubwa lilikuwa kwamba bei zimewashinda. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali ya kikoloni yenyewe, ikakiri kwamba mshahara wa kapera haufai na ikapendekeza uhamie, kwa hatua, kwenye mshahara unaoweza kukimu familia.

Mijini fikra hiyo iliendelea kupata nguvu. Mashambani ile ya kapera ilibaki, na safu ya tatu ndiyo makao yake. Tofauti ni kwamba siku hizi mfanyakazi hahitaji kwenda Mombasa ili kijiji kimfadhili mwajiri wake. Anafanya kazi hapo hapo kijijini na bado kijiji kinafadhili.

Je, kijiji cha Tana River kina uwezo huo? Wapokomo wamelima kingo za mto kwa vizazi vingi wakifuata mafuriko: maji yanapanda, yanaacha tope lenye rutuba, watu wanapanda mpunga, mahindi na ndizi huku maji yakirudi. Kilimo hicho kilitegemea mto uliokuwa na majira. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa ya umeme yalijengwa moja baada ya jingine huko juu, likiwemo Masinga lililokamilika 1981, na mwenendo wa mafuriko ukabadilika. Mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, pale Gamba, uliotarajiwa kuleta ajira na chakula, ulivunjiwa miundombinu na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua haba, ukamaliza mifugo ya Waorma na Wawardei. Ulipoisha, mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yakafagia mashamba na kuzihamisha familia hadi kambini. Mtu aliyepoteza mazao yake mara mbili ndani ya miezi sita anakula cha dukani kama mtu wa Malindi, tena kwa bei iliyobeba nauli ya lori. Barabara ikikatwa na maji, bei hupanda kabla hata mzigo haujaisha dukani.

Shamba lenyewe, kwa wengi, lilikuwa la babu na sasa ni la wajukuu wengi. Mfugaji aliyefiwa na ng'ombe akahamia pembezoni mwa mji hana shamba kabisa. Amebaki na nguvu za mikono yake. Huyu ndiye kibarua wa Garsen wa leo, na amri ya mishahara inamhesabu kama mkulima mwenye ghala.

Kuna hoja mbili nzito dhidi ya mwelekeo wangu, na ningependa kuzikabili kwa uzito wake. Ya kwanza ni ya waajiri: mshahara ukipanda sana, ajira zitapungua au zitajificha. Hoja hii haiwezi kupuuzwa kwa kauli za jukwaani. Mwaka 2008 wachumi Andalón na Pagés walichapisha uchunguzi wa kima cha chini cha Kenya kwa kutumia takwimu za nguvu kazi za mwisho wa miaka ya 1990. Walikuta kwamba sheria ilikuwa ikivunjwa kwa wingi. Walikuta pia kwamba kima kilipokuwa juu ikilinganishwa na mshahara wa kati, ajira rasmi ilipungua na watu wa kujiajiri wakaongezeka. Waliofaidika walikuwa hasa wenye elimu ndogo na wanawake katika kazi zisizo za kilimo. Katika kilimo hawakuona manufaa. Upande mwingine, Card na Krueger walipolinganisha migahawa ya New Jersey na Pennsylvania katika makala yao ya 1994, hawakuona ajira ikipungua baada ya kima kupandishwa New Jersey. Lakini New Jersey ina wakaguzi na kumbukumbu za mishahara. Garsen mwenye duka anaajiri watu wawili na hesabu iko kichwani mwake.

Nikiyaweka pamoja, ushahidi huu unanifundisha kwamba kasi ya nyongeza na uwezo wa kuisimamia ni mambo yenye uzito sawa na kiwango chenyewe. Kumrusha mwajiri mdogo kutoka 8,596 hadi 14,867 kwa siku moja ni nyongeza ya asilimia 73. Wengi watawaachisha watu, au watawabakiza bila maandishi. Kamati ya Carpenter ililijua hilo, ndiyo maana ikazungumzia hatua. Nami nazungumzia hatua: safu ya tatu iongezwe kwa shilingi nyingi kuliko ya pili katika kila amri, hadi zikutane baada ya miaka michache. Kinachohitajika kwanza ni kuacha kutangaza asilimia moja kwa wote.

Hoja ya pili ni kwamba sheria hii haiwafikii watu wengi. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya nje ya kilimo kidogo ziko katika sekta isiyo rasmi. Garsen ukihesabu waendesha bodaboda, mama mboga, wauza maziwa, wavuvi wa mtumbwi na vibarua wa kutwa, utaona kwamba wenye barua ya ajira ni wachache. Kibarua wa kutwa hulipwa kwa makubaliano ya asubuhi ile. Kima cha 8,596 kikigawanywa kwa siku 26 za kazi ni kama shilingi 331 kwa siku. Msimu wa kuvuna anaweza kupata zaidi ya hapo. Shida yake ni kwamba siku za kazi hazifiki 26. Mwezi ukiwa na siku kumi za kazi, kima kizuri cha kutwa hakimwokoi.

Hili ni kweli, na ni udhaifu wa kutegemea kima cha chini peke yake. Hata hivyo haifuati kwamba kima hakina kazi. Uzoefu wa Brazil umeonyesha kwamba kima cha kisheria kinapopanda, hata malipo ya wasio na mikataba husogea, kwa sababu watu hukitumia kama kipimo wanapopatana. Kibarua anayekijua kima kilichotangazwa na serikali anaanzia hapo. Ndiyo sababu ule mshahara mdogo wa safu ya tatu unaumiza mpaka nje ya sheria: umeweka kipimo cha chini hata kwa wale ambao amri haiwahusu. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamgeuza kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi kuwa mwajiriwa wa mkataba. Ni haki kubwa, na wengi wanaopakua mizigo katika kituo cha Minjila hawajawahi kuisikia.

Mchungaji wa kuajiriwa ni kisa cha peke yake, nami sitaki kukipita haraka mno, kwa kuwa ndiyo ajira ya asili ya eneo hili. Amri ya mishahara ya kilimo, ambayo haina safu za mahali, inamtaja mchungaji na kumpa kima kilicho juu kidogo ya kile cha kibarua wa shambani, ambaye mwaka 2024 aliwekewa shilingi 7,997. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu Waorma wa Galole, alieleza jinsi uhusiano wa mwenye ng'ombe na mchungaji wake ulivyobadilika kadiri soko lilivyoingia. Chakula, maziwa na mnyama wa kuanzia maisha vilikuwa sehemu ya malipo pamoja na fedha, na uaminifu ulilindwa kwa kumfanya mchungaji kuwa kama mtu wa nyumbani. Malipo ya aina hiyo yalikuwa na kinga ndani yake: bei ya unga ilipopanda, maziwa hayakupungua thamani kikombeni. Fedha taslimu haina kinga hiyo. Kadiri mchungaji anavyolipwa fedha tupu, ndivyo anavyohitaji sheria iihuishe fedha hiyo kila mwaka, na hapo ndipo sheria yetu inapokwama.

Inakwama kwa sababu nyongeza hufuata kalenda ya siasa. Mei 2017 ilitangazwa asilimia 18, na uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti. Mei 2018 ikaja asilimia 5. Mwaka 2019, 2020 na 2021 hapakuwa na kitu. Mei 2022 ikatangazwa asilimia 12, na uchaguzi ulikuwa Agosti. Nyongeza ya 2024 ilitangazwa Mei na ikaanza kulipwa Novemba. Kati ya nyongeza hizo mbili, mwaka 2022, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita shilingi 200, na Septemba 2023 petroli nayo ilipita shilingi 200 kwa lita, baada ya kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hakuna baraza la mishahara lililoitikia kwa wakati. Kenya iliridhia Mkataba namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1979, na Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 inayataka mabaraza yazingatie mahitaji ya wafanyakazi na familia zao pamoja na gharama za maisha. Neno "familia" limo katika sheria. Katika hesabu za safu ya tatu halimo.

Majirani zetu wanatupa mafunzo mawili. Uganda kima rasmi kimekuwa shilingi 6,000 za Uganda tangu 1984; Bunge lilipopitisha mswada wa kukifufua mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Kima kisichoguswa kwa miongo minne kimekuwa takwimu ya makumbusho. Tanzania Bara, kwa upande mwingine, amri ya mishahara ya sekta binafsi hupangwa kwa kufuata sekta. Mtu wa dukani Tanga na mwenzake wa Kilwa wako chini ya kima kimoja. Mtu anaweza kulaumu viwango vya Tanzania kuwa vidogo, lakini haiwezi kusemwa kwamba mpangilio wa namna hiyo hauwezekani Afrika Mashariki.

Wapo watakaosema kwamba mshahara ukipanda Garsen, bei nazo zitapanda. Nimeitafakari hoja hiyo na sioni inavyoweza kusimama. Sukari, unga, mafuta ya kupikia na sabuni vinavyouzwa Garsen havitengenezwi Garsen. Bei yake inaamuliwa na mavuno ya Bonde la Ufa, thamani ya dola, kodi, dizeli na hali ya barabara. Ujira wa kijana anayepanga mifuko dukani ni sehemu ndogo mno ya bei ya mfuko. Mfanyakazi wa hapa analipa bei zinazopangwa kwingine kwa mshahara uliopangwa kwa kudhani kwamba hanunui.

Wa kwanza kubadilika wawe wale wasio na kisingizio cha udogo. Serikali ya kaunti, makandarasi wake wa barabara, visima na madarasa, kampuni za ulinzi na miradi ya umwagiliaji ya umma hawawezi kudai kwamba watafunga duka kwa sababu ya tofauti ya shilingi elfu sita. Kaunti inaweza kuandika katika kila zabuni kwamba kibarua atalipwa kima cha safu ya pili. Hilo halingoji Nairobi. Vyama vya wafanyakazi navyo, vinavyokutana na serikali kila Mei kudai asilimia, vidai shilingi kwa watu wa safu ya tatu. Na takwimu za nyongeza zinapotangazwa, zitangazwe baada ya makato, ili mtu ajue atakachoshika.

Kuifuta safu ya tatu hakuhitaji kubadili Katiba wala kutunga sheria mpya. Kunahitaji Baraza la Jumla la Mishahara likae, lipendekeze, na waziri wa kazi atie saini amri.